Fyuzi Inalinda Waya: Maelekezo kwa Mwenye Gari la Mizigo la Zamani Anayejengewa Upya Boksi la Fyuzi na Rilei

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu malalamiko yamezidi. Mwenye pikapu anamlipa fundi amjengee upya boksi la fyuzi lililo chini ya boneti, anaondoka taa zote zikiwaka, na baada ya muda anarudi na gari lenye harufu ya plastiki iliyoungua. Tukifungua boksi tunakuta jambo lilelile: mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha waya wa shaba kilichokunjwa, au msumari, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Tunasema mapema ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Fyuzi haikuwekwa kulinda taa wala redio. Imewekwa kulinda waya. Waya ukipitisha umeme kuliko uwezo wake unapata moto ndani ya ganda, na ganda likiyeyuka waya unagusana na mwenzake au na bodi. Fyuzi inakatika kabla hayo hayajatokea. Ukiunga moja kwa moja, kinachobaki kukatika ni waya wenyewe, mahali usipopaona, nyuma ya dashibodi au kando ya bomba la mafuta.

Chukua pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980 au 1990, yenye umeme wa volti 12. Balbu zake mbili za taa kubwa, za wati 60 kila moja, zinahitaji ampea 10 kwa jumla. Mwenye gari anayesafiri usiku anataka mwanga zaidi, ananunua balbu za wati 100. Sasa zinavuta karibu ampea 17 kupitia waya uleule wa kiwandani. Fyuzi ya 15 mwishowe inakatika, kama ilivyotakiwa. Hapo ndipo fundi anapochomeka ya 30, taa zinawaka, mteja anashukuru na kulipa. Hilo ni kosa. Narudia: ni kosa, hata kama gari limetembea mwezi mzima bila tatizo. Balbu kubwa zinataka waya mnene, rilei yake na fyuzi yake. Usipotaka gharama hiyo, rudisha balbu za wati 60.

Rangi za fyuzi bapa zinajulikana: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ilipotoka nyekundu irudi nyekundu. Ikikatika tena, gari lina shoti au mzigo uliozidi. Tafuta chanzo, usitafute fyuzi kubwa.

Kibaya kuliko vyote ni kugusa fyuzi kuu, ile iliyo jirani na betri, ambayo katika magari mengi ya zamani ni kipande cha waya maalumu unaoyeyuka. Wapo wanaoibadilisha kwa waya mnene wa kawaida. Kutoka kwenye betri hadi kwenye boksi hakuna kinga nyingine yoyote. Anayefanya hivyo ameliacha gari zima wazi.

Kazi yenyewe ianze kwa kufungua betri, na ufungue upande wa hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni cheche. Kabla hujachomoa waya hata mmoja, piga picha kwa simu na ubandike alama kwenye kila waya. Fundi anayesema ameshakariri hajakariri.

Kisha angalia taminali kwa karibu. Ile iliyopata joto huwa imegeuka rangi ya zambarau au nyeusi, na plastiki inayoizunguka imekauka na kupasuka. Magari ya pwani na yanayobeba samaki huwa na unga wa kijani ndani kabisa ya tundu. Usiusugue kwa msasa ukadhani umemaliza. Taminali iliyolegea yenye ukinzani wa omu 0.05 tu, ikipitisha ampea 20, inatoa wati 20 za joto, sawa na pasi ndogo ya kulehemu risasi, na joto hilo linakaa ndani ya plastiki. Badilisha taminali. Ukivua ganda la waya ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata mpaka ufikie shaba inayong'aa, kisha unga kipande cha unene uleule.

Taminali ibanwe kwa koleo lake maalumu, isiungwe kwa risasi. Risasi inapanda ndani ya nyuzi za waya na kuzifanya ngumu, na gari likitikisika kwenye barabara ya vumbi waya unakatika pale pale risasi inapoishia.

Kuhusu rilei, nyingi zina namba 85 na 86 kwa koili, na 30 na 87 kwa njia ya umeme mkubwa. Za Kijapani za zamani mara nyingi zina 1 na 2 kwa koili, 3 na 5 kwa njia. Pima kwa mita, usikisie. Malori ya volti 24 yanataka rilei ya volti 24: koili ya 12 ukiipa 24 inapata joto mara nne na kuungua. Rilei mbili zinafanana kwa umbo. Soma maandishi kwenye kasha.

Sisi pia tunakagua boksi la fyuzi bure, kwa magari ya mizigo yenye usajili na bima hai; masharti mengine yamebandikwa ofisini kwetu. Tunajivunia kwamba walioleta magari yao mapema waliondoka na boksi salama. Wengine tuliwaonya, wakatusikiliza kwa sikio moja.

Ukiona moshi ukitoka kwenye boneti, simama, zima gari, shusha abiria na piga simu Zimamoto, namba 114. Usiinue boneti yote, hewa itaukuza moto. Tumia kizimamoto cha unga kupitia upenyo mdogo, na usimwage maji juu ya betri.