Mwakilishi Wadi Wako Alipigaje Kura Kuhusu Mazingira?

Mchanga wa mto wa msimu hutunza maji. Malori yakiuchota bila mpango, visima vya wanakijiji hukauka. Ndiyo sababu mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Kila kaunti ina uwezo kama huo: Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji, kuzoa taka na kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele.

Sheria hizo hupigiwa kura na wawakilishi wadi. Je, mwananchi atajuaje wake alisimama wapi?

Mara nyingi hatajua kwa kusikiliza kura yenyewe. Spika huuliza swali, wanaounga mkono wanaitikia kwa sauti, kisha wanaopinga, naye anatangaza upande ulioshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Majina hunakiliwa pale tu wajumbe wanapodai kura ihesabiwe, kwa utaratibu uliowekwa na Kanuni za Kudumu za bunge husika. Kwa hivyo anayekwambia hadharani kwamba "nilipigia kura mswada wa mito" huenda anasema kweli, lakini huna pa kuhakikisha.

Tazama badala yake kazi ya kamati na marekebisho. Baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati, na hapo ndipo maoni ya umma huchukuliwa, kama Kifungu cha 196 cha Katiba kinavyotaka. Baadaye bunge zima huupitia kifungu kwa kifungu. Neno moja hutosha kuua sheria: "mwenye kiwanda lazima asafishe maji taka" likigeuzwa kuwa "anaweza kusafisha", mswada utapita kwa shangwe na mto utabaki vilevile. Marekebisho huwa na mwenyewe, na anayeyaleta hutajwa kwenye Hansard.

Kwa hivyo ukija kwenye kikao cha maoni, njoo umeusoma mswada. Taja nambari ya kifungu na useme kiandikweje. Kusema tu kwamba tunapenda mazingira hakuipi kamati kitu cha kuandika.

Mswada ukipita, gavana ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu zake. Bunge likitaka kuupitisha tena bila kuubadilisha, lahitaji thuluthi mbili ya wajumbe.

Hansard na ripoti za kamati huombwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Andika barua, taja jina la mswada na tarehe ya mjadala. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, ombi lako linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21, na huhitajiki kueleza kwa nini unataka kujua.