Tiba ya Mwili na ya Nafsi: Wasia kwa Jamaa wa Kambi ya Nyarugusu

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu katika mkoa wa Kigoma, imekuwa makao ya watu waliokimbia vita vya Kongo tangu mwaka 1996, na baadaye ya Warundi pia. Na kwa kuwa wengi waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi, hapana nyumba isiyojua kumpeleka zahanati mtoto mwenye homa. Walakini mlango huohuo, usiotozwa malipo, ndio wa maradhi ya nafsi, na wengi hawaupiti kwa haya.

Mtu aliyeona jamaa zake wakiuawa, kisha miezi ikapita naye hapati usingizi, hushtuka mlango ugongwapo, huumwa kichwa na mgongo asifaidiwe na dawa za maumivu, au amewaacha watu na shamba lake akajifungia ndani, huyo ni mgonjwa, wala si mvivu, wala si mwenye imani haba. Na amweleze tabibu hayo yote kama yalivyo, kwani asemaye kichwa tu hutibiwa kichwa tu. Ikiwa hasikii Kiswahili vema, aombe mkalimani mtu mzima; kumtwika mtoto wa miaka kumi siri za mamaye ni dhuluma kwa wote wawili, hata kama hufanywa kila siku.

Kifafa nacho, ambacho aghalabu hudhaniwa kuwa pepo, hutibiwa kwa vidonge vya kila siku, ambavyo havikatizwi ghafula ati kwa sababu mgonjwa amekaa muda bila kuanguka. Povu lake haliambukizi. Aangukapo, mwondoeni karibu na mafiga, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani. Waliobaki na makovu ya moto mara nyingi ni wale ambao majirani waliogopa kuwagusa. Sala na nasaha za wazee zina nafasi yake, na hapana tabibu mwenye adabu atakayezikataza, maadamu vidonge haviachwi.

Maradhi yakizidi uwezo wa hospitali ya kambi, tabibu huandika rufaa. Na kwa kuwa sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 yamtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke, mgonjwa asijiondokee mwenyewe, bali afuatilie karatasi hizo mapema, achukue na dawa anazotumia.

Limebaki moja lisilongoja. Aliyebakwa, mwanamke au mwanamume, ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, ambazo humezwa siku 28, na mwanamke ana siku tano za dawa ya kuzuia mimba, ambayo hufaa zaidi inywewapo mapema. Aende hospitali kwanza, hata usiku, bila kungoja baraza la ukoo. Mashauri ya wazee yaja baadaye.