Saratani Katika Maji na Ghala: Mambo ya Kila Siku Pwani ya Mtwara

Jina saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, kiumbe yule yule ambaye mwanafunzi wa Msimbati humwona akikimbilia shimoni maji yakupwapo katika mikoko. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa kuwa uvimbe uliokomaa hutandaza mizizi pande zote mfano wa miguu yake. Jina ni zuri, lakini limewapotosha wengi, maana limewafanya waudhanie ugonjwa kuwa ni mdudu aingiaye mwilini kutoka nje. Saratani ni chembe hai za mwili wenyewe, zilizoacha kutii amri ya kugawanyika kwa kiasi.

Kila chembe hai inapogawanyika hunakili maandishi yake ya urithi, yaani DNA, na katika kunakili huko makosa hutokea. Mengi husahihishwa. Yasiyosahihishwa hujilimbikiza, na kwa kawaida huhitajika makosa kadhaa, katika jeni zinazohusika na ukuaji, ndipo chembe ipotoke kabisa. Kwa sababu hiyo ugonjwa huchukua miaka mingi kujitokeza. Basi kitu chochote kinachoongeza makosa hayo, ama kwa kuiharibu DNA yenyewe, ama kwa kuijeruhi nyama ya mwili mara kwa mara hata ilazimike kujijenga upya bila kupumzika, huongeza uwezekano wa saratani. Msomaji azingatie neno uwezekano: kinachozungumzwa hapa ni hatari inayokua au kupungua, wala si hukumu iliyokwisha kuandikwa juu ya mtu.

Vitabu nilivyosomeshewa ughaibuni vilianza sura ya saratani kwa sigara, na kwa nchi hizo ilikuwa haki. Lakini orodha ya visababishi hubadilika kwa kufuata mahali. Kwa makadirio ya mwaka 2008, kiasi cha theluthi moja ya saratani katika Afrika kusini mwa Sahara ilitokana na maambukizi ya virusi, bakteria na vimelea, ilhali katika Ulaya haikufika hata moja ya kumi. Mwalimu wa Mtwara anayefundisha orodha ya Ulaya peke yake amefundisha nusu ya somo.

Maji

Mto Ruvuma ukaribiapo bahari, maji ya chumvi huupanda pamoja na bamvua. Konokono wa jenasi ya Bulinus, anayehifadhi vimelea vya kichocho cha mkojo, haishi katika maji ya chumvi. Kwa hiyo mtoto anayetafuta kaa mikokoni hayumo katika hatari hii. Aliye hatarini ni ndugu yake anayeoga katika dimbwi la maji baridi nyuma ya shamba la mpunga.

Mzunguko wa kimelea hiki wanafunzi wengi wa elimu ya viumbe wanaujua kwa kukariri. Mtu mgonjwa hukojoa majini, mayai huanguliwa, lava wa kwanza humwingia konokono na kuzaliana humo, lava wa pili, mwenye mkia uliogawanyika, hutoka hasa saa za jua kali na kupenya ngozi ya mwogaji kwa dakika chache. Minyoo iliyokomaa huishi katika vena zinazokizunguka kibofu, na huko jike hutaga mayai yenye mwiba nchani. Theodor Bilharz aliiona minyoo hii mjini Cairo mwaka 1851.

Jambo lisilokaririwa ni lile linalofuata. Sehemu kubwa ya mayai haitoki kabisa, bali hunasa katika ukuta wa kibofu. Mwili hupigana nayo, na pigano hilo huendelea kwa miaka mingi: jeraha, kovu, jeraha tena. Utando wa ndani wa kibofu hubadili tabia na kuota chembe bapa zinazofanana na za ngozi, na katika chembe hizo ndimo saratani huanzia. Daktari A. R. Ferguson aliandika juu ya uhusiano huo mjini Cairo mwaka 1911, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, likaiweka minyoo ya kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza, yaani visababishi vilivyothibitishwa. Kule Misri, matibabu ya kichocho yalipoenea saratani ya aina hiyo ilipungua kwa kiasi kikubwa. Huo ni ushahidi wenye nguvu, na ni habari njema.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na ndiyo inayogawiwa shuleni kwa kumpima mtoto urefu. Dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtu asiambukizwe kesho yake akirudi dimbwini. Hapa ndipo choo kinapokuwa kinga ya saratani, ingawa hakuna anayekijenga kwa nia hiyo. Tatizo jingine ni ukimya. Mvulana anayeona matone ya damu mwishoni mwa mkojo huyachukulia kuwa jambo la umri wake, na msichana huona haya kusema, ilhali kwake vimelea hivyo huweza pia kujeruhi njia ya uzazi. Mwalimu anayeuliza waziwazi, bila kicheko na bila kumtaja mtu mbele ya wenzake, atapata majibu.

Ghala

Mji wa Mtwara na bandari yake vilikua kwa ajili ya karanga. Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo hicho mwaka 1947, ikatandika reli hadi Nachingwea, na kufikia mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupata hasara kubwa. Miaka tisa baadaye, yaani mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi uliwafikisha wanasayansi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil, na muda si mrefu karanga za Afrika Mashariki nazo zikaonekana kuwa na sumu hiyo hiyo. Sumu hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ikaitwa aflatoksini. Sisi leo twaiita sumukuvu.

Sumukuvu ikiwa nyingi huua upesi: mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 watu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini sumu kidogo kidogo, inayoliwa kila siku bila dalili yoyote, ndiyo inayotuhusu hapa. Ini linapojaribu kuivunja huibadilisha kuwa kemikali kali inayojishikiza kwenye DNA na kuacha kosa katika jeni inayodhibiti ukuaji. Mwaka 1991 watafiti walilikuta kosa lile lile, mahali pale pale pa jeni, katika saratani za ini kutoka kusini mwa Afrika na kutoka China. Mapema zaidi, mwaka 1973, utafiti wa Murang'a, Kenya, ulikuwa umeonyesha kwamba palipokuwa na sumu nyingi katika chakula ndipo palipokuwa na saratani nyingi ya ini. Na ng'ambo ya Ruvuma, kumbukumbu za hospitali za Msumbiji za miaka ya 1950 na 1960 zilionyesha saratani ya ini kwa kiwango kilichowashangaza madaktari wa dunia nzima, na wengi wa wagonjwa walikuwa vijana.

Sumukuvu ina mshirika, naye ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Utafiti uliofanywa Shanghai kwa wanaume zaidi ya 18,000 ulionyesha kwamba sumu peke yake iliongeza hatari kiasi cha mara 3, virusi peke yake mara 7, na viwili pamoja karibu mara 60. Hawajumlishi, wanazidisha. Watoto wetu huchanjwa dhidi ya virusi hivyo tangu mwaka 2002, kwa hiyo mshirika mmoja anapungua nguvu. Wa pili yumo ghalani.

Kuvu hupenda joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Huingia karanga zikiwa bado ardhini, hasa zikipata ukame karibu na kukomaa, au maganda yakipasuliwa na jembe. Huongezeka zikianikwa juu ya udongo, na zaidi pale wakulima wanaporowesha maganda ili kumenya kuwe rahisi. Karanga zikaushwe juu ya turubai au uchaga hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 8, na magunia yasikae sakafuni. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimetoa mbegu nzuri za karanga, kama vile Pendo na Mnanje, na zinazokomaa mapema humsaidia mkulima kuukwepa ukame wa mwisho wa msimu. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii, wala kuisaga.

Kuchambua ndiyo kinga yenye faida kubwa kuliko zote, na hesabu yake ni hii. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Punje moja iliyooza huweza kuwa na mikrogramu 500, na punje za namna hiyo zimepimwa. Gawanya: punje hiyo moja, ikisagwa pamoja na nyingine, yatosha kuzifikisha kilo 50 kwenye kikomo. Ubaya ni kwamba karanga nzuri huenda sokoni, na zilizosinyaa na kubadilika rangi hubaki nyumbani zikaungiwa kisamvu. Mama anayefanya hivyo hafanyi kwa ujinga bali kwa ufukara, na kumkaripia hakutamsaidia.

Mengineyo

Sigara na ugoro havihitaji maelezo marefu: cha kwanza huharibu mapafu na viungo vingine vingi, cha pili kinywa. Pombe, iwe bia au ya mabibo, nayo imo katika kundi la kwanza. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, hutokana na virusi ambavyo chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwanafunzi mwenye ualbino apewe ruhusa ya kofia pana na mikono mirefu, hata kama sare haisemi hivyo. Kuhusu salfa ya mikorosho, ambayo huulizwa sana: huwasha macho na kifua, na apulizaye hana budi kujifunika, lakini haimo katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa.

Kazi ya darasa

Nunueni kilo moja ya karanga sokoni. Tengeni zilizo nzima, zilizovunjika, zilizosinyaa, na zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida. Pimeni kila fungu na kutafuta asilimia yake, kisha linganisheni na karanga za muuzaji mwingine. Msizionje, na mafungu mabaya yafukieni, msiwape kuku. Mwisho, muulizeni muuzaji zilianikwa wapi, na muandike jibu lake kando ya hesabu zenu.