Asali Safi: Jina la Kwenye Chupa na Kilichomo Ndani



Ndugu msomaji, darsa ya toleo hili imetokana na kosa letu wenyewe. Kabla ya Ramadhani iliyopita, sisi vijana wachache tunaotoka Nyundo, karibu na Gisenyi, tulikuwa tunatafuta fedha za futari ya wanafunzi wasio na uwezo. Tukanunua dumu la asali la lita 20 kwa mchuuzi wa barabarani, tukaijaza katika chupa ndogo, na kila chupa tukaibandika karatasi: "Asali safi ya Gishwati". Chupa zikaenda haraka. Kisha akaja mama mmoja aliyetaka asali kwa ajili ya kikohozi cha mjukuu wake. Akaigeuza chupa mkononi, akatuuliza: "Wanangu, nyuki wake mnawajua?"

Hatukuwajua. Hata mchuuzi hatukumuuliza aliipata wapi. Tuliandika "safi" kwa sababu rangi ilitupendeza, na tuliandika "Gishwati" kwa sababu msitu huo hauko mbali na kwetu. Tuliogopa. Je, tulikuwa tumeuza nini, na kwa jina la nani?

1. Asali ni nini?

Katika Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, Allah (s.w.) anatueleza kwamba aliwafunulia nyuki wafanye nyumba zao milimani, mitini na katika vile wanavyojenga watu, na wale katika kila matunda. Kutoka matumboni mwao hutoka kinywaji chenye rangi mbalimbali, na ndani yake mna ponyo kwa watu. Zingatia mambo mawili. Kwanza, sifa ya ponyo imetajwa kwa kile kinachotoka kwa nyuki, si kwa kila kitu kitamu cha rangi ya dhahabu. Pili, rangi zake zinatofautiana, kwa hiyo rangi peke yake haithibitishi kitu.

Viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius, vinavyosimamiwa na FAO na WHO, vinakubaliana na maana hiyo kwa lugha ya maabara. Asali hutengenezwa na nyuki kutokana na maji matamu ya maua na ya mimea. Haitakiwi kuongezwa kitu chochote. Maji yake kwa kawaida yasizidi asilimia 20; fruktosi na glukosi kwa pamoja zisipungue gramu 60 katika kila gramu 100 za asali ya maua; na sukrosi, yaani sukari ile ile tunayotia katika chai, kwa asali nyingi isizidi gramu 5 katika gramu 100.

2. Inaghushiwa vipi?

Njia nyepesi ni kuchanganya asali na shira ya sukari ya miwa au ya mahindi. Njia iliyofichika zaidi ni kuwanywesha nyuki shira wakati wa msimu wa kujaza masega, ili wao wenyewe waihifadhi kama asali. Mfugaji akiwalisha nyuki sukari wakati wa njaa ili wasife, hana kosa. Kosa ni kurina sukari hiyo na kuiuza kwa jina la asali.

Maabara ina njia ya kugundua. Miwa na mahindi hujenga sukari kwa njia tofauti na mimea mingi ambayo nyuki huitembelea, na tofauti hiyo hubaki katika uwiano wa kaboni iliyomo ndani ya sukari. Lakini shira ya mchele au ya kiazisukari haigunduliki kwa kipimo hicho, na inahitaji vipimo vingine. Tatizo si la kwetu tu. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba, katika sampuli 320 za asali iliyoingizwa Ulaya kutoka nje, asilimia 46 zilishukiwa kuwa zimeghushiwa.

3. Vipimo vya mtaani

Wengi wetu tumefundishwa kudondosha asali katika glasi ya maji, kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, au kuangalia kama sisimizi wanaikimbilia. Vipimo hivi havitoshi. Shira nzito nayo huzama chini ya maji. Njiti hukuonyesha zaidi kama kuna unyevu mwingi. Na sisimizi si shahidi wa kutegemewa.

Kipimo kibaya kuliko vyote ni kile cha kusema: "Imeganda, basi ni sukari." Asali halisi huganda, kwa sababu glukosi yake hujitenga na kufanya chembe, hasa mahali penye baridi kama huku kwetu milimani. Mfugaji mwaminifu anaweza kuitwa mwizi kwa sababu tu asubuhi ya Nyundo ina baridi. Tukumbuke onyo la Surat Al-Hujurat, aya ya 12, kuhusu dhana. Kughushi ni dhambi, na kumsingizia mtu kughushi ni dhambi pia.

4. "Ladha ya asali" na "ladha ya asili"

Sasa tuende dukani. Pakiti ya biskuti ina picha ya mzinga na maneno "ladha ya asali". Soma orodha ya viambato nyuma yake. Huenda asali haimo kabisa, ila kiungo cha ladha tu. Hata neno "asili" lina mipaka yake: linaeleza chanzo cha kiungo, halitoi hukumu ya halali au haramu.

Chukua mfano wa vanila, zao linalolimwa na jirani zetu wa Uganda. Harufu yake kuu inatokana na kemikali iitwayo vanilini, ambayo kiwandani inaweza kutengenezwa bila tunda la vanila kabisa. Na arki ya vanila iliyo halisi nayo ina jambo la kuuliza: kwa sheria za Marekani, ni lazima iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35, kwa sababu alkoholi ndiyo inayotoa harufu katika tunda. Hapa "ya bandia" inaweza isiwe na alkoholi, na "ya asili" ikawa nayo.

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu alkoholi kidogo mno iliyopotea ndani ya chakula, isiyobaki ladha yake wala athari yake. Wapo wanaoiruhusu kwa hoja kwamba imemezwa na kilicho kingi, na wapo wanaojiepusha nayo. Muulize mwalimu unayemwamini, wala usimtukane mwenzako aliyefuata rai nyingine.

5. Asali ndani ya pombe

Katika suala hili hakuna utata. Hapa Rwanda kuna inkangaza, urwagwa wa ndizi uliotiwa asali. Tanzania kuna wanzuki, Kenya kuna muratina, Ethiopia kuna tej. Katika pombe kali kuna Drambuie ya Scotland, ambayo ni wiski iliyotiwa asali na mimea ya harufu. Wakati mwingine kijana huambiwa: "Hii ni asali tu, ni dawa ya wazee."

Swali hili lilikwisha kuulizwa. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vinywaji vya huko, kikiwemo bit'u kilichotengenezwa kwa asali. Jibu lilikuwa la jumla: kila kinacholevya ni haramu. Naye Umar bin Khattab (r.a.), akiwa juu ya mimbari, aliitaja asali miongoni mwa vitu vitano ambavyo pombe ilitengenezwa navyo, kisha akafafanua kwamba pombe ni kile kinachofunika akili. Asali inaweza kuwa halisi tone kwa tone, lakini ikishachachuka na kulevya, uhalisi wake hauisaidii kitu.

6. Hukumu ya chupa zetu

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta unyevu ndani yake. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, akabainisha kwamba anayeghushi si katika sisi. Mtu yule hakuileta mvua. Kosa lake ni kuficha alichokijua. Sisi tulifanya jingine linalofanana nalo: tulidai tusichokijua.

Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Basi tulibandua karatasi katika chupa zilizobaki. Tuliwapigia simu wanunuzi tuliowajua, tukawaambia ukweli, na aliyetaka fedha yake akarudishiwa. Mama yule alirudishiwa wa kwanza. Futari ya mwaka huo ikawa ndogo.

Baadaye tulikwenda kwa umuvumvu mmoja karibu na msitu. Tuliona mizinga, tukaona masega yakikamuliwa, tukanunua lita 5 tu kwa bei ya juu. Karatasi mpya ina jina la kijiji na mwezi wa kurina. Neno "safi" hatukuliandika. Anayetaka kuuza kwa wingi aipeleke asali yake Shirika la Viwango la Rwanda (RSB), ambako kuna maabara na alama ya ubora ya S.

Maswali ya halaka

1. Je, muuzaji asiyejua kama bidhaa yake imeghushiwa ana dhambi? Ana wajibu gani kabla ya kuisifu?
2. Chukueni pakiti tatu za vyakula mnavyokula bwenini. Ni maneno gani ya mbele ya pakiti yasiyoungwa mkono na orodha ya nyuma?
3. Fedha iliyopatikana kwa sifa isiyo ya kweli, je, inafaa kumfuturisha aliyefunga?

Wallahu a'lam.