Ushuru wa Forodha na Uundaji wa Magari: Somo Kutoka Bandari ya Mkoani

Bandari ya Mkoani ndiyo lango kuu la kisiwa cha Pemba. Hapo huteremshwa saruji, mchele, mafuta na magari. Msafiri anayeshuka melini na kupanda gari la abiria kuelekea Chake Chake aghalabu hupanda chombo kilichoundwa mahali pawili. Injini, kichwa na fremu yake ni za gari dogo la mizigo lililotengenezwa nchi za nje, mara nyingi Japani. Paa, nguzo, mabenchi na ngazi ya nyuma ni kazi ya maseremala na wachomeaji wa Visiwani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiyageuza magari ya mizigo kuwa magari ya abiria.

Gari hilo linazusha maswali mawili ambayo kila taifa changa hukabiliana nayo. Je, ushuru mkubwa ukitozwa kwa magari yatokayo nje, viwanda vya ndani vitakua? Na iwapo vitakua, ni nani atakayelipa gharama ya kukua huko? Lengo la makala hii ni kueleza jinsi ushuru unavyofanya kazi, kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifanya mwenyewe, kisha kutazama yaliyotokea katika Afrika Mashariki.

1. Madhumuni ya ushuru

Ushuru wa forodha ni kodi inayotozwa bidhaa inapovuka mpaka wa nchi. Madhumuni yake makuu ni mawili: kuipatia serikali mapato, na kuvikinga viwanda vya ndani. Madhumuni hayo hayaendi pamoja daima. Ushuru unaozuia kabisa bidhaa isiingie hauleti mapato yoyote. Na ushuru unaoleta mapato mengi ni ule ambao bidhaa zinaendelea kupita chini yake.

Historia ya Zanzibar inatoa mfano wa ushuru wa mapato. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani. Kwa mkataba huo ushuru wa bidhaa za Wamarekani ulifungwa kwenye asilimia 5. Kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Marekani kikaenea pwani nzima na bara, hata jina la nchi likawa jina la kitambaa: marekani. Hazina ya Sayyid ilipata fungu lake, lakini wafumaji wa mwambao, kama wale wa Benadir, walibaki kushindana na mashine bila ya kinga ya maana. Mtawala aliyefungwa na mkataba hakuwa na uwezo wa kuupandisha ushuru, hata kama angetaka.

Leo hali ni tofauti. Tanzania, pamoja na Zanzibar, imo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Nchi wanachama hutumia viwango vya pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Hapo mwanzo madaraja yalikuwa matatu: asilimia 0 kwa mali ghafi na mitambo, 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tarehe 1 Julai 2022 liliongezwa daraja la nne la asilimia 35. Mpangilio huu wa ngazi una sababu yake, kama itakavyoonekana.

2. Kodi juu ya kodi

Ushuru hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli. Kisha kodi nyingine hutozwa juu ya jumla hiyo. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba gari limefika bandarini likiwa na thamani ya shilingi 10,000,000, na kwamba ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18.

Ushuru wa forodha ni 2,500,000, na jumla inakuwa 12,500,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 5 ya jumla hiyo, ni 625,000. Jumla sasa ni 13,125,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya jumla hiyo mpya, ni 2,362,500. Hivyo gari litatoka bandarini kwa shilingi 15,487,500. Mwanafunzi atambue kwamba asilimia 25, 5 na 18 zikijumlishwa ni 48, lakini bei imepanda kwa karibu asilimia 55, kwa sababu kila kodi inatozwa juu ya ile iliyotangulia.

3. Kinga ya jina na kinga halisi

Watu wengi hudhani kwamba kiwanda kinachokingwa kwa ushuru wa asilimia 25 kimepata kinga ya asilimia 25. Hiyo ni kinga ya jina tu. Kiwanda cha kuunganisha magari hakiundi gari zima; hununua sehemu kutoka nje na kuongeza kazi yake. Kinachokingwa ni thamani ile inayoongezwa. Kwa hiyo ni lazima kutazama ushuru wa gari na ushuru wa sehemu zake kwa pamoja.

Ichukuliwe kwamba bila ya ushuru wowote gari zima lingeuzwa shilingi 10,000,000, na sehemu zake zingenunuliwa kwa 8,000,000. Thamani inayoongezwa ni 2,000,000. Sasa zitazamwe hali nne. Katika kila hali kinapimwa kiasi kinachobaki kiwandani baada ya kununua sehemu, kikilinganishwa na zile 2,000,000.

Hali ya kwanza: gari 25%, sehemu 0%. Bei ya gari ni 12,500,000, sehemu 8,000,000. Kinachobaki ni 4,500,000. Kinga halisi ni 125%.
Hali ya pili: gari 25%, sehemu 10%. Bei ya gari ni 12,500,000, sehemu 8,800,000. Kinachobaki ni 3,700,000. Kinga halisi ni 85%.
Hali ya tatu: gari 25%, sehemu 25%. Bei ya gari ni 12,500,000, sehemu 10,000,000. Kinachobaki ni 2,500,000. Kinga halisi ni 25%.
Hali ya nne: gari 10%, sehemu 25%. Bei ya gari ni 11,000,000, sehemu 10,000,000. Kinachobaki ni 1,000,000. Kinga halisi ni -50%.

Katika hali tatu za kwanza ushuru wa gari ni uleule, lakini kinga halisi inatofautiana sana. Katika hali ya nne serikali inatoza ushuru kwa gari la nje, na bado inakiadhibu kiwanda chake yenyewe. Hii ndiyo sababu ya kupanga viwango kwa ngazi, kutoka mali ghafi hadi bidhaa kamili.

Lakini dawa hii ina athari zake. Sehemu zikiingia bila ushuru, mwenye kiwanda cha kuunganisha hunufaika, bali yule anayetaka kutengeneza springi, betri au vioo hapa nchini hukosa kinga kabisa. Kiwanda kinaweza kukaa miaka mingi kikifunga boliti tu, kwa kuwa hakuna kinachokisukuma kufanya zaidi.

4. Fedha zinakwenda wapi

Turudi kwenye hali ya kwanza. Mnunuzi akinunua gari lililotoka nje, hulipa 12,500,000, na katika hizo 2,500,000 huingia Hazina. Akinunua lililounganishwa nchini, kiwanda kinaweza kumtoza karibu bei hiyohiyo, lakini Hazina haipati ushuru wowote. Zile 2,500,000 hubaki kiwandani. Kwa hiyo ushuru wa kinga ni msaada ambao mnunuzi hukipa kiwanda, ingawa hauonekani katika kitabu chochote cha bajeti.

Na mnunuzi hauchukui mzigo huo peke yake. Gari likifanya kazi siku 300 kwa mwaka kwa miaka mitano, hizo ni siku 1,500. Shilingi 2,500,000 zikigawanywa kwa siku hizo ni karibu 1,667 kwa siku. Na likipakia abiria 60 kwa siku, kila abiria huchangia karibu shilingi 28. Mkulima wa Mtambile anayepeleka bidhaa zake Chake Chake hatazihisi shilingi hizo. Kiwanda kinachopokea mamilioni kinazihisi. Ndiyo maana ushuru wa kinga ni rahisi kuuweka na mgumu kuuondoa: wanaolipa ni wengi na kila mmoja hulipa kidogo, wanaopokea ni wachache na kila mmoja hupokea kingi.

5. Yaliyotokea Afrika Mashariki

Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vitatu vya kuunganisha magari kwa ubia na makampuni ya kigeni: cha Leyland mjini Thika, cha General Motors mjini Nairobi, na cha Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Uingizaji wa magari kamili ulizuiwa, na viwanda vilitakiwa kununua baadhi ya sehemu nchini. Hivyo vikapata nafasi watengenezaji wa betri, springi na rangi. Hata hivyo soko dogo liligawanywa kwa aina nyingi mno za magari, na gharama kwa kila gari ikabaki kubwa. Milango ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi na kazi ya viwanda hivyo ikapungua sana. Kilichosalimika zaidi ni uunganishaji wa malori na mabasi, ambako bodi hujengwa kwa mahitaji ya wenyeji.

Tanzania nayo ilikuwa na kiwanda cha TAMCO huko Kibaha kilichounganisha malori ya Scania, na kiwanda cha matairi cha General Tyre mjini Arusha. Hapohapo Kibaha mradi wa Nyumbu ulichukua njia nyingine: kusanifu lori la Tanzania badala ya kuunganisha la wengine. Katika miaka ya 1980 kikwazo kikubwa hakikuwa ushuru bali upungufu wa fedha za kigeni. Kiwanda kinachotegemea sehemu za nje husimama siku fedha za kuzinunulia zinapokosekana, hata kikingwe namna gani. Uzalishaji wa matairi Arusha ulikoma mwishoni mwa miaka ya 2000. Katika miaka ya karibuni uunganishaji wa malori umeanza tena Kibaha.

Nchi nyingine zinasaidia kulinganisha. Korea Kusini ilizuia magari kamili ya nje kuanzia mwaka 1962, lakini viwanda vyake vilisukumwa kuuza nje; gari la Pony la Hyundai lilianza kuuzwa nchi za nje mwaka 1976. Australia ilikuwa na ushuru wa asilimia 57.5 katika miaka ya 1980, ikaushusha hatua kwa hatua hadi asilimia 5 mwaka 2010. Kiwanda chake cha mwisho cha kuunda magari madogo kilifungwa mwaka 2017. Miaka mingi ya kinga haikuwa imekipatia soko kubwa la kutosha kusimama peke yake. Tofauti ya nchi hizo mbili haiko katika ukubwa wa ukuta tu, bali pia katika mtihani ambao viwanda vilipewa ndani ya ukuta.

6. Fundi wa bodi

Fundi wa Pemba anayejenga bodi hakingwi sana na ushuru. Kinga yake ni ujuzi: anajua ukubwa wa mzigo, hali ya barabara na desturi ya abiria. Lakini ushuru unaweza kumdhuru. Daraja la asilimia 35 la mwaka 2022 liligusa baadhi ya bidhaa za chuma na rangi, kwa nia ya kuvikinga viwanda vinavyozitengeneza. Bidhaa iliyokamilika kwa kiwanda cha chuma ni mali ghafi kwa mchomeaji. Bei ya bomba na bati ikipanda huku bei ya gari kamili ikibaki palepale, fundi hujikuta katika hali ya nne ya hesabu iliyotangulia. Ushuru hauwezi kumkinga mmoja bila ya kumgusa mwingine.

7. Hitimisho

Ushuru wa kinga unafanana na ada ya shule. Wazazi hulipa ili mtoto ajifunze, si ili akae darasani maisha yake yote. Kwa hiyo kila ushuru wa namna hiyo unapaswa kuulizwa maswali matatu: utakoma lini, kiwanda kimejifunza nini ambacho mwaka jana hakikukijua, na ni nani anayelipa ada? Pasipo majawabu, abiria wa Mkoani ataendelea kulipa shilingi zake chache kila siku, na hapatakuwa na mhitimu.

Maswali ya zoezi

1. Kokotoa kinga halisi iwapo gari linatozwa asilimia 35 na sehemu asilimia 10, kwa bei zilizotumika katika fungu la 3.
2. Kwa nini kiwanda cha springi na kiwanda cha kuunganisha magari wanaweza kutaka viwango tofauti vya ushuru?
3. Mtembelee fundi wa bodi au mchomeaji wa mtaani kwako. Orodhesha vifaa vyake, na utenge vile vitokavyo nje. Je, ushuru unamsaidia au unamdhuru?
4. Jadilini: Je, ni bora serikali ikisaidie kiwanda kichanga kwa ushuru au kwa ruzuku inayoonekana katika bajeti?