Kadi ya Grafiki, Viendeshi Vyake na Hasara Zisizo za Lazima

Barua zilizofika juu ya kadi za grafiki kwa kompyuta zinazotumia Linux ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Kwa hiyo nimechagua zile ambazo ndani yake nimeona upotevu wa mali au upotofu wa maarifa, nikaziacha zile ambazo jibu lake limo katika kitabu chochote cha mwanzo. Muradi wangu ni mmoja: mtu wa Pemba, ambaye kila kipande cha kompyuta humjia kwa meli, na ambaye kukirudisha dukani Kariakoo ni gharama juu ya gharama, asinunue kitu ambacho mfumo wake hautakijua, au utakijua leo na kukikana kesho.

Assalamu alaykum, Mwalimu. Nimepata kadi ya AMD, nimeweka Linux, na draiva yake nimeitafuta kwenye intaneti mpaka bando limekwisha. Itapatikana wapi? (Wasomaji wa Wete, Konde na Mtambile, ambao barua zao nimezifanya moja.)

Waalaykum salaam. Haipatikani huko kwa sababu unayo tayari, na bando lako limeteketea katika kutafuta kitu kilichokuwa ndani ya kompyuta yako tangu ulipomaliza kusakinisha mfumo. Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote, nami nitalieleza kwa urefu, kwa kuwa asiyelifahamu hatayafahamu vyema majibu mengine yaliyomo humu.

Mtu aliyelelewa na Windows amezoea kwamba kila kadi ina kiendeshi chake, yaani hiyo draiva, kando, ama katika sahani ama katika tovuti ya kiwanda, na kwamba bila ya kukisakinisha kwa mkono wake mwenyewe kadi haifai kitu. Katika Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, na ambayo msimbo wake u wazi kwa kila mwenye kutaka kuusoma na kuurekebisha, mambo yamepangwa kinyume cha hayo: viendeshi huandikwa ndani ya kiini chenyewe cha mfumo, vikakua pamoja nacho na kusahihishwa pamoja nacho. Kazi ya kuendesha kadi imegawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza imo katika kiini, nayo kwa kadi za AMD za mwongo huu mmoja uliopita huitwa amdgpu, iliyoingizwa katika toleo la 4.2 la mwaka 2015; kadi kongwe zaidi huhudumiwa na kiendeshi kiitwacho radeon, ambacho nacho kimo humo humo. Sehemu ya pili ni maktaba ya Mesa, ambayo Brian Paul aliianza mwaka 1993, na kazi yake ni kuzichukua amri za programu, mathalan mchezo au programu ya kuchorea ramani za nyumba, na kuzigeuza ziwe lugha ambayo chipu ya kadi inaifahamu. Sehemu ya tatu ni mafaili madogo yatokayo kiwandani, ambayo hupakiwa ndani ya kadi kila kompyuta inapowashwa.

Sehemu hii ya tatu ndiyo iliyowatia watu fadhaa. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwa kuzishika sana kanuni zake za uhuru, haikuyatia mafaili hayo katika kisakinishi chake rasmi mpaka toleo la 12 lililotoka Juni 2023. Mwenye kusakinisha toleo la kabla ya hapo akakutana na kioo cheusi, aghalabu dawa yake ni kifurushi kiitwacho firmware-amd-graphics, wala si kubadili kadi. Na iwapo kadi yako ni changa kuliko mfumo wako, yaani imetoka kiwandani baada ya kiini ulicho nacho kuandikwa, basi kiini hakiwezi kuijua kadi ambayo wakati wake haikuwapo. Sasisha mfumo upate kiini kipya zaidi, nayo itajulikana. Bighairi ya mambo haya mawili, mtumiaji wa kawaida wa kadi ya AMD au ya Intel hana cha kupakua. Zile tovuti zinazoahidi draiva za kila kadi kwa kubofya mara moja zimeandikiwa Windows, na nyingi kati yake hubeba madhara. Mwenye Linux hana haja ya kuzigusa kabisa.

Je, ni kweli NVIDIA haifai kwa Linux? (Chake Chake)

Insafu inataka jibu la pande mbili. Chipu zake ni hodari, na mwenye kazi ya hesabu kubwa au ya kutengeneza filamu za katuni atazihitaji. Walakini kwa miaka mingi kampuni hii iliuficha msimbo wa viendeshi vyake, ilhali AMD, baada ya kuinunua ATI mwaka 2006, ilianza mwaka 2007 kuzitoa hati za kadi zake hadharani. Watu wa kujitolea waliichunguza kadi ya NVIDIA kutoka nje, bila ya hati, wakaandika kiendeshi huria kiitwacho Nouveau. Na mwaka 2012 Torvalds mwenyewe, akizungumza mbele ya watu katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, alisema kwamba katika kampuni zote alizopata kushughulika nazo hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Mwezi wa Mei 2022 NVIDIA iliifungua ile sehemu ya kiendeshi chake inayopakiwa katika kiini, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing, kilichotoka mwaka 2018, na za baada yake tu. Kwa hiyo, ukilazimika kununua NVIDIA, usishuke chini ya Turing. Kadi za GTX za namba 900 na 1000 ndizo zilizo katika dhiki kubwa: Nouveau haiwezi kuipandisha kasi ya chipu yake, kwa kuwa inahitaji mafaili yenye sahihi ya kiwanda, na kiwanda chenyewe kimeutangaza mfululizo wa 580 wa viendeshi vyake kuwa wa mwisho kwa kadi hizo.

Kila nikisasisha mfumo kadi yangu ya NVIDIA inaleta kioo cheusi. Fundi kanambia Linux haiikubali kadi hii, nirudi Windows. (Barua kadhaa, za Mkoani na Kengeja.)

Fundi huyo amekata hukumu bila ya kusikiliza shahidi. Kiendeshi cha NVIDIA hakiandikwi ndani ya kiini bali huletwa kando, na kila kiini kinapobadilika ni lazima moduli yake, yaani ile sehemu inayopakiwa katika kiini, ijengwe upya. Aliyekipakua kutoka tovuti ya kampuni na kukisakinisha kwa faili lenye mwisho wa .run, aghalabu hana wa kumjengea moduli hiyo. Siku mfumo unapojisasisha, kiini kipya huamka na hakioni kiendeshi. Aliyekichukua katika hazina ya vifurushi ya mfumo wake, iwe Debian au Ubuntu, hujengewa bila ya kuombwa. Lakini kwetu iko sababu nyingine, ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji. Umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya upitao chini ya bahari, uliozinduliwa mwaka 2010, na ukikatika wakati moduli inajengwa, ujenzi hubaki nusu na kioo huwa cheusi vile vile. Usisasishe kompyuta ya mezani yenye kadi hiyo ila iwe imeungwa na UPS. Ikiwa madhara yamekwisha kutokea, katika orodha ya kuwashia kompyuta chagua kiini cha zamani, uingie, ukamilishe usasishaji.

Nimeuziwa GT 710 mpya ndani ya boksi lake. Nimefanya vyema?

Hukufanya vyema. Boksi ni jipya, chipu ni kongwe: GT 710 ni ya ukoo wa Kepler, ambao kiendeshi chake cha mwisho ni cha mfululizo wa 470, na NVIDIA ilikwisha kuuacha mwaka 2024. GT 730 nyingine ni za ukoo wa Fermi, na hizo ziliachwa tangu 2022. Nouveau itakuonyesha picha, nawe utaandika barua na kutazama filamu. Zaidi ya hayo usitaraji.

Kuna mtu anauza GTX 1050 Ti kwa bei rahisi mno. Ninunue? (Micheweni)

Tahadhari kubwa. Kuna laghai iliyoenea katika biashara ya mitandaoni, nayo ni kuchukua kadi kongwe ya Fermi, kama vile GTS 450 ya mwaka 2010, na kuibadilishia maandishi yaliyomo katika kumbukumbu yake ya kuwashia, ili kompyuta ikiiuliza jina ijibu kwa jina la uongo. Hayo ni makonyo yaliyochanganywa katika karafuu na kuuzwa kwa bei ya karafuu safi. Hapa Linux inakupa silaha. Iwashe kompyuta kwa flashi yenye mfumo usiohitaji kusakinishwa, kisha utoe amri ya dmesg na usome mistari ya Nouveau. Kiendeshi hiki hakitosheki na jina lililoandikwa. Huisoma namba iliyomo katika chipu yenyewe. Kadi ya kweli itajitambulisha kuwa GP107. Ile ya hadaa itasema GF106 au namba nyingine inayoanza kwa GF, na hapo huna haja ya ithibati nyingine. Muuzaji asiyekubali jaribio hili mbele yako, muache na mali yake.

Kadi yenye gigabaiti 4 si bora kuliko yenye gigabaiti 2?

La. Ubora hutokana na chipu. Kumbukumbu ni ghala tu.

Nina Dell OptiPlex ndogo ya mtumba. Je, itaibeba RX 580? (Chake Chake na Wete)

Haitaibeba. Soketi ya kadi hutoa wati 75 tu, na RX 580 huhitaji takriban wati 185, kwa hiyo hutaka waya wa ziada kutoka katika pawa saplai, ambao kompyuta hizi ndogo aghalabu hazina. Kadhalika kimo cha kasha hakiiruhusu kuingia. Tafuta RX 550 ya kimo kifupi, ambayo huridhika na wati 50, na amdgpu itaiendesha bila ya taabu. Fahamu pia kwamba RX 580 nyingi ziuzwazo leo zilitumika usiku na mchana kuchimbia sarafu za kidijitali, na zilitupwa sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji huo Septemba 2022.

Fundi anasema kadi iliyokufa hufufuka ikiokwa katika joko.

Ni uongo wenye sumu. Ikirudi, hurudi kwa siku chache, na moshi wa plastiki hubaki katika joko linalopikiwa chakula cha watoto. Asithubutu mtu.

Upepo wa bahari unaziharibu kadi kweli?

Kweli. Vumbi lenye chumvi huvuta unyevu na kula madini ya mguso. Kadi isafishwe kwa brashi laini na spiriti safi, baada ya kuzimwa na kuchomolewa. Na kompyuta isifungiwe kabatini miezi mingi, kwa maana joto la kuwashwa mara kwa mara huikausha.

Kwa kumalizia, Mwalimu, tununue kadi gani? (Wengi.)

Kwanza uliza kama unaihitaji. Chipu ya Intel iliyomo ndani ya kompyuta nyingi za maofisini, ambayo kiendeshi chake ni huria na kimo katika kiini, yatosha kwa kuandika, kusoma, kutazama filamu na kufundishia darasa zima. Ukihitaji zaidi, nunua AMD inayolingana na pawa saplai yako. Ukilazimishwa na kazi, nunua NVIDIA ya Turing au ya baada yake, na kiendeshi ukichukue katika hazina ya mfumo wako. Na kabla ya kutoa fedha, katika duka lolote, liandike jina la chipu, si jina lililo katika boksi, ukalitafute katika orodha ya kadi ambazo mfumo wako unazihudumia. Nawasihi walimu na mafundi wa kisiwa hiki wawafundishe vijana desturi hii kabla ya kuwafundisha jambo jingine lolote juu ya kadi.