NYUMBA YA KUMPOKEA MAMA NA MTOTO: MAMBO YA KUPATANA KABLA YA KUFUNGUA MLANGO



Katika parokia nyingi wako mabwana na mabibi ambao watoto wao wamekua, vyumba vimebaki vitupu, nao wanajiuliza wamtumikie Mungu kwa njia gani. Wengine wanawatazama wasichana wanaopata mimba bila kutarajia, wanaofukuzwa nyumbani au kuachwa na wanaume waliowaahidi ndoa, na moyo unawaambia: tufungue nyumba, tuwapokee mpaka wajifungue. Wazo hilo ni jema. Lakini nia njema peke yake haimlei mama wala mtoto, na wako waliofungua mlango wa nyumba huku mlango wa ndoa yao ukifungwa. Mwezi huu tujifunze pamoja yanayotakiwa.

Elizabeti alitangulia

Kazi hii si mpya. Mtakatifu Luka anatueleza kwamba Maria, akiwa mja mzito, alisafiri mpaka milimani kwa jamaa yake Elizabeti, akakaa huko karibu miezi mitatu. Nyumba ile ilikuwa ya wanandoa wazee, Zakaria na Elizabeti. Elizabeti hakuanza kwa maswali wala lawama. Alianza kwa furaha. Naye Mtakatifu Yosefu, kabla ya kuelewa mambo, hakutaka kumwaibisha Maria mbele ya watu. Tazameni basi: mke alipokea, mume akalinda heshima. Nyumba yoyote ya namna hii husimama juu ya mambo hayo mawili.

1. Anzeni ninyi wawili

Msifungue nyumba ikiwa mmoja anavuta na mwingine anavutwa. Mume akisema, "Fanya tu, ni kazi yako na akina mama wa kanisa," huyo bado hajakubali. Siku mtoto atakapolia usiku kucha, au pesa za unga zitakapokwisha, yule ambaye hakukubali ndiye atakayenung'unika, na wageni watasikia.

Pataneni mapema juu ya mambo haya. Wageni watalala wapi? Ni vizuri wawe na nyumba yao au upande wao wenye mlango na bafu lake. Nani atalala karibu nao? Awe mwanamke mtu mzima. Mwenye nyumba asibaki peke yake na msichana yeyote, wala asimpeleke kliniki wakiwa wawili tu. Kanuni hiyo inamlinda msichana, ambaye huenda aliumizwa na mwanamume aliyemwamini. Inamlinda pia bwana na jina lake. Bwana mwenye busara haoni haya kuifuata.

Waambieni watoto wenu pia. Binti yenu aliye nyumbani akiona mgeni ananunuliwa leso na sabuni wakati yeye anaambiwa asubiri, atawaza mambo yake. Mweleze, na umpe nafasi ya kusaidia.

2. Hesabu kabla ya harambee

Tuseme mmetayarisha vitanda 6. Msichana akifika mwishoni mwa mwezi wa tano wa mimba, akakaa mpaka mtoto afikishe miezi mitatu, atakuwa nanyi kwa miezi 7 hivi. Kwa mwaka, vitanda 6 vitawasaidia wasichana 10 tu. Mkipokea 20, wengine watalala chini. Hesabu hiyo iwafundishe kusema "hatuna nafasi" bila aibu, na kumtafutia msichana huyo jamaa mwema badala yake.

Harambee hujenga nyumba kwa siku moja, lakini chakula huliwa kila siku. Tafuteni kwanza jumuiya ndogo ndogo zitakazoahidi kitu kimoja kila mwezi: hii unga na maharagwe, hii maziwa, hii nepi na beseni, hii nauli ya kliniki. Fedha ziwekwe katika akaunti yenye sahihi za watu watatu, na mmoja wao asiwe wa nyumba yenu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Sheria isiwapite

Msimfiche msichana. Mzazi, mlezi au afisa wa watoto lazima ajue yuko wapi. Akiwa chini ya miaka 18, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa ya kujamiiana inamhesabu kuwa mtoto aliyekosewa, hata akisema alikubali mwenyewe. Jambo hilo halimalizwi kwa mbuzi wawili na chai kwa mzee wa kijiji. Lipelekwe polisi na kwa afisa wa watoto. Simu ya bure ya watoto, namba 116, iandikwe ukutani mahali kila msichana anapoiona.

Aliye mtu mzima anakuja kwa hiari na anaweza kuondoka kwa hiari. Simu yake isichukuliwe, barua zake zisifunguliwe. Kazi ya nyumbani afanye, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini si kazi ya kulipia dhambi. Anayefua nguo za nyumba nzima akiwa na mimba ya miezi minane amegeuzwa kijakazi.

4. Afya ya mama

Msichana akifika, apelekwe kliniki wiki hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama mjamzito aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Wengi hufika wamechelewa kwa sababu walikuwa wakificha tumbo, kwa hiyo msiongeze hata wiki moja. Atapimwa damu, presha, mkojo na virusi vya ukimwi. Akiwa na virusi, dawa zinaweza kumkinga mtoto. Atapewa vidonge vya kuongeza damu na chanjo ya pepopunda, pamoja na kijitabu cha mama na mtoto. Kijitabu hicho kisipotee.

Jifunzeni kukisia siku ya kujifungua. Chukueni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, mwongeze siku 7 na miezi 9. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Januari atatarajia kujifungua karibu na tarehe 17 Oktoba. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya SHA badala ya NHIF. Hakikisheni mapema kwamba jina lake limo, yeye mwenyewe au chini ya mzazi wake.

Nyumba yenu si hospitali, na msichana asijifungulie hapo. Wasichana wadogo wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba kuliko wanawake waliokomaa. Mkiona damu inatoka, kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, uso na mikono imevimba, homa kali, maji yamevunjika, au mtoto ameacha kucheza tumboni, msingoje asubuhi. Mwenye gari ajulikane kwa jina, na nauli yake iwe kwenye bahasha isiyoguswa kwa jambo jingine.

5. Mtoto atalelewa na nani?

Hapa ndipo wenye huruma wengi huteleza. Wanamwona msichana maskini, wanawajua wanandoa wema wasio na mtoto, nao wanawaunganisha jikoni. Msifanye hivyo kamwe. Mtoto si zawadi ya kutoa, hata kwa marafiki wa parokia.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni mama kumlea mwanawe, akisaidiwa na wazazi wake. Ya pili ni jamaa, kama nyanya au shangazi, kumlea huku mama akijulikana kuwa mama. Ya tatu ni kumtoa aasiliwe. Katika sheria ya Kenya, mipango ya kuasili haianzi kabla mtoto hajafikisha wiki 6, na mwisho wake ni mahakamani. Kuna sababu njema: mama aliyejifungua jana bado ana maumivu na hofu, na neno lake la leo huenda si la mwezi ujao. Mtu akitoa pesa kwa ajili ya mtoto, hata akiziita asante, hiyo ni biashara ya binadamu.

Wala msifikirie kugeuza nyumba kuwa makao ya watoto. Mkakati wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia badala ya makao. Kazi yenu ni ya muda. Lengo ni mama na mtoto warudi kwa watu wao.

Kwa hiyo anzeni mapatano tangu wiki ya kwanza. Mara nyingi mama huja haraka, baba hukawia. Bwana wa nyumba yenu ndiye wa kumwendea baba huyo, mwanamume kwa mwanamume, bila kumhubiria. Naye aliyempa mimba asisahauliwe: Katiba ya mwaka 2010 inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Lakini msilazimishe harusi kwa sababu ya tumbo. Ndoa inataka hiari kamili.

6. Shule na sakramenti

Tangu mwaka 1994 Kenya imekuwa na sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na mwongozo mpya ulitolewa mwaka 2020. Mwendeeni mwalimu mkuu mapema. Asiyeweza kurudi ajifunze ushonaji, upishi au kilimo cha mboga akiwa kwenu.

Wengine wanadhani msichana huyu hastahili tena kukaribia altare. Katika Desemba 2023 Roma iliandika wazi juu ya akina mama wasioolewa: aliyeungama kwa toba asizuiwe Komunyo kwa sababu ya kuwa na mtoto. Mtoto ni uhai aliouchagua, si alama ya dhambi. Waalikeni kwenye sala ya jioni, msiwaburute. Asiye Mkatoliki apokewe sawa na wengine.

7. Linzeni ndoa yenu

Jitengeeni siku moja ya wiki ambayo mwenzi mwingine wa jumuiya anakaa na wageni nanyi mnatoka wawili. Kila baada ya mwaka ulizaneni kwa uaminifu: tunaendelea au tunapumzika? Kupumzika si kumkimbia Mungu.

Na ninyi msioweza kufungua nyumba, somo hili ni lenu pia. Msichana anayefukuzwa usiku ndiye anayeishia mikononi mwa watu wa vichochoroni, ambako wengi wamepoteza uhai, wao na watoto wao. Siku binti yenu atakapowaambia habari hizo, saa ya kwanza ndiyo nzito. Baba, kaa kwanza. Mama, usimfiche kwa shangazi ili majirani wasijue. Mwambieni maneno mawili: "Umesikika," na "Hapa ni kwenu." Makaripio yana siku yake, na siku hiyo si leo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mtoto atakayezaliwa atawaita babu na nyanya.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya

1. Je, binti yetu angepata mimba leo, angemwambia nani kwanza? Kwa nini?
2. Katika jumuiya yetu, tunamtazamaje msichana aliyezaa nyumbani? Na kijana aliyempa mimba?
3. Ni kitu gani kimoja tunachoweza kutoa kila mwezi kwa mama asiye na msaada?
4. Sisi wawili, je, tungekubaliana kumpokea mgeni wa namna hii? Ni nini kinachotuzuia?

Mungu aibariki ndoa yenu.